Kinda Anakula Nini?

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya watu wazima

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya somo kuanza: KINDA, KIOTA, KIWAVI, FIRIGISI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Kaeni vizuri, tuanze.

Mara nyingi tunapotaja historia, twafikiri habari za wafalme, vita na safari za majahazi. Lakini kila kazi ya binadamu ina historia yake. Kuna historia ya jembe, na kuna historia ya dawa. Leo tutasoma historia ya swali moja dogo: kinda wa ndege, aliye bado kiotani, anakula nini?

Huenda ukacheka. Utasema, "Hilo nalo ni swali la watu wazima?" Ngoja kidogo. Mkulima akiona ndege shambani, humfukuza au humwacha. Serikali nayo, ikiona ndege wamezidi, huamuru wauawe au walindwe. Uamuzi huo huhitaji ujuzi. Ndege mmoja aweza kula nafaka yako asubuhi, na mchana akawaondoa viwavi katika mimea yako ili awalishe watoto wake. Je, huyo ni mwizi au ni kibarua? Huwezi kujibu mpaka ujue anabeba nini mdomoni anaporudi kiotani.

Basi katika somo hili tutauliza tena na tena neno moja tu: UMEJUAJE? Mtu akisema, "Ndege huyu anakula hiki," mwulize, "Umejuaje?"

1. Kwa nini kinda si sawa na mzazi wake

Kwanza tuelewe jambo moja. Kinda wa ndege mdogo aimbaye huanguliwa akiwa uchi, kipofu, na mzito kama punje chache za mahindi. Baada ya wiki mbili au tatu tu, huwa ameota manyoya na yu tayari kutoka kiotani. Hakuna mtoto wa binadamu akuaye kwa haraka hiyo. Ili kujenga nyama na manyoya kwa siku chache namna hiyo, anahitaji chakula cha kujenga mwili. Mbegu kavu peke yake hazimtoshi.

Kwa sababu hiyo ndege wengi ambao wenyewe hula mbegu, huwalisha makinda wao wadudu: viwavi, panzi, buibui na mbawakawa. Njiwa yeye ana njia yake, maana huwapa makinda wake maziwa mazito yatokayo kooni mwake. Lakini ndege wengi wadogo waimbao huwinda wadudu kutwa nzima.

Ukimchunguza mzazi peke yake, basi, waweza kudanganyika. Ni lazima umchunguze na kinda. Hapo ndipo palipo na shida, maana kinda ni mdogo, yumo kiotani, na chakula chake humezwa mara moja.

2. Njia ya kwanza: kisu na firigisi

Twende Marekani, katika karne ya 19. Wakulima wa huko walikuwa wakibishana juu ya ndege. Wengine walisema ndege wawindwe wote, wengine wakasema ndege ni rafiki. Mwaka 1885 serikali ya nchi hiyo ilitoa fedha ili chakula cha ndege kichunguzwe kwa faida ya kilimo. Watu wakatumwa mashambani na bunduki. Ndege walipigwa, matumbo yao yakatolewa, yakahifadhiwa katika chupa, kisha yakapelekwa Washington.

Huko Washington alikuwako Bwana Foster Beal. Kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 1916, kazi yake ilikuwa kufungua matumbo ya ndege, maelfu kwa maelfu. Alimwaga vilivyomo, akavitazama kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo. Alitenga mbegu upande mmoja, na vipande vya wadudu upande wa pili, kisha akakadiria kila kitu ni sehemu ngapi katika mia. Mguu wa panzi, taya la kiwavi, ganda la mbawakawa, vyote vilikuwa kama herufi kwake. Alijifunza kuzisoma kama ninyi mnavyojifunza kusoma sasa.

Mwenziwe, Bwana Sylvester Judd, ndiye aliyewaangalia makinda hasa. Taarifa yake juu ya chakula cha makinda ilitolewa na Idara ya Kilimo katika kitabu chake cha mwaka 1900. Ndani yake alionyesha kwamba hata ndege wanaojulikana kuwa walaji wa mbegu, huwalisha watoto wao wadudu kwa wingi.

Umejuaje? Bwana Judd aliweza kujibu, "Nimeona ndani ya tumbo." Hilo ni jibu la nguvu. Lakini tazameni gharama yake. Kinda amekufa. Hawezi kukuambia alikula nini jana, wala atakula nini kesho. Tena tumbo hudanganya kidogo. Vitu vigumu, kama ganda la mbawakawa, hukaa muda mrefu. Kiwavi laini huyeyuka upesi, akabaki taya tu. Kwa hiyo mhesabuji aweza kufikiri kwamba mbawakawa wameliwa wengi kuliko ilivyokuwa kweli.

3. Njia ya pili: kukaa na kutazama

Katika miaka ile ile, watu wengine walisema, "Tusiue. Tukae, tutazame." Huko New Hampshire, Marekani, Bwana Clarence Weed alitangaza mwaka 1898 habari za kiota kimoja cha shomoro wa huko. Kilikuwa kimetazamwa siku nzima, tangu alfajiri mpaka giza, na kila mara mzazi alipoleta chakula iliandikwa.

Mwaka 1901 Bwana Francis Herrick alitoa kitabu chake juu ya maisha ya ndege nyumbani kwao. Yeye alikata tawi lenye kiota, akalipeleka mahali peupe, akalisimamisha usawa wa macho yake. Karibu yake akapiga hema dogo, akajificha ndani na kamera. Wazazi walipokwisha kuzoea hema, waliendelea kulisha, naye akaona kila kitu kwa karibu sana. Ila tusisahau kwamba kinda akiondolewa kivulini huchomwa na jua, na kiota kilicho wazi huonekana na kila adui. Njia hii haikuua kwa kisu, lakini bila uangalifu iliweza kuua pia.

Kutazama kuna faida kubwa. Unajua ni mzazi yupi ameleta, saa ngapi, na mara ngapi. Lakini jicho lina mpaka. Ndege hupita upesi. Unaona amebeba kitu cha kijani. Je, ni kiwavi wa aina gani? Mara nyingine huwezi kusema.

Huko Uholanzi, katika misitu ya misonobari, Bwana Luuk Tinbergen na wasaidizi wake waliipeleka njia hii mbali zaidi. Walitundika masanduku ya mbao ambamo ndege hujenga viota. Nyuma ya sanduku mtu aliweza kujificha na kuona chakula kikiingia. Ndege waliyemchunguza hasa ni mdogo, mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano. Katika somo letu tutamwita Mashavu-meupe.

Bwana Tinbergen alifariki mwaka 1955, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1960. Alikuwa ameona jambo la ajabu. Mdudu mpya alipoanza kutokea msituni, ndege hawakumleta kiotani, ingawa alikuwapo. Alipozidi kuwa wengi, ghafula wakaanza kumleta kwa wingi. Bwana Tinbergen alifikiri kwamba ndege hujifunza sura ya mdudu, kisha humtafuta kwa sura hiyo. Ni kama wewe uliyejifunza herufi mpya, mara ukaanza kuiona kila mahali, katika mabango na katika magunia. Ilikuwapo siku zote, lakini jicho lako halikuwa limefunzwa.

4. Njia ya tatu: kitanzi cha shingoni

Sasa tufike mahali pagumu. Wataalamu walitaka kumpata mdudu mwenyewe, mzima, ili wampime na kumtaja jina, lakini bila kumwua kinda. Wakafikiri hivi: mzazi humtia kinda chakula kinywani. Kama koo likizuiwa kidogo, chakula kitakaa hapo, nasi tutakitoa.

Mwaka 1953, huko Urusi ya wakati wa Muungano wa Kisovyeti, Bwana Malchevsky na Bwana Kadochnikov walichapisha maelezo ya njia hii. Uzi hufungwa shingoni mwa kinda, si kwa kukaza, ila kwa kiasi cha kuzuia kumeza huku pumzi ikipita. Baada ya muda mfupi mchunguzi hurudi, huchukua kibano, akatoa chakula kooni, akafungua uzi. Kisha humlisha kinda, ili asibaki na njaa.

Wengine waliitengeneza njia hii upya. Bwana Gordon Orians, aliyechunguza makinda wa ndege wa mabwawani huko Kanada, alitumia waya laini uliovikwa nyuzi, ule ambao wavuta kiko husafishia kiko. Taarifa yake ilitoka mwaka 1966. Waya huo haukati ngozi kama uzi mwembamba.

Kwa miaka mingi njia hii ilitumika sana, maana ilitoa jibu zuri. Ukiuliza, "Umejuaje?" mchunguzi hukuonyesha kiwavi mzima mkononi mwake.

Lakini tena tazameni gharama. Kitanzi kikikaza, kinda hufa. Kikilegea, wadudu wadogo hupita, nawe utaandika kwamba makinda hula wadudu wakubwa tu. Kinda mwenye kitanzi mara nyingine hukitema chakula, au mzazi huja akakichukua tena. Na kila mara mtu anapofika kiotani, huacha njia ya kufuatwa na adui. Ndiyo maana siku hizi katika nchi nyingi kazi ya namna hii haifanywi ila kwa kibali, na kwa mtu aliyefunzwa.

5. Njia ya nne: kinywa cha bandia na kamera

Binadamu ana akili ya kutafuta njia ya pembeni. Huko Uingereza, Bibi Monica Betts alitengeneza kinywa cha bandia, kilicho wazi kama kinywa cha kinda mwenye njaa. Alikiweka kiotani. Mzazi anapoona kinywa wazi hukitilia chakula, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Chakula kikakusanywa bila kugusa shingo ya mtu, yaani ya kinda. Mwaka 1956 Bibi Betts alichapisha habari zaidi za majaribio yake hayo.

Kisha ikaja kamera ijiendeshayo. Katika msitu wa Wytham, karibu na mji wa Oxford, masanduku ya viota yalianza kutundikwa mwaka 1947. Mtaalamu Mjapani, Bwana T. Royama, aliweka kamera katika sanduku la Mashavu-meupe. Kila mzazi alipoingia, kamera ilipiga picha yenyewe. Picha ilionyesha ndege, na mdudu mdomoni mwake. Mchunguzi aliweza kulala usingizi, na kazi ikaendelea. Katika taarifa yake ya mwaka 1970 alionyesha, pamoja na mengine, kwamba makinda wenye umri wa siku chache tu walipewa buibui zaidi kuliko walipokuwa wakubwa.

Kwa nini buibui? Jibu moja lilikuja miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba mwili wa buibui una kwa wingi kitu kiitwacho taurini. Makinda waliopewa taurini ya ziada, walipokua walikuwa na ujasiri zaidi na walijifunza mahali penye chakula vizuri zaidi. Kumbe mzazi hachagui tu chakula cha kushibisha. Huchagua na chakula cha kulea. Jambo hilo lisingalijulikana kwa kufungua tumbo moja la kinda aliyekufa, kwa sababu linahitaji kumfuata kinda siku kwa siku.

6. Njia ya tano: kusoma kinyesi

Msione haya, ndugu zangu. Mambo ya elimu hayana haya.

Makinda wa ndege wengi waimbao hutoa kinyesi ndani ya kifuko cheupe, safi kwa nje. Wazazi hukichukua na kukitupa mbali, ili kiota kisinuke. Mchunguzi naye aweza kukichukua kwa mkono mwepesi, bila kumwumiza kinda. Zamani walikitazama kwa hadubini, wakatafuta mataya na miguu ya wadudu, kama Bwana Beal alivyofanya na matumbo. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Poulsen na Aebischer, walichapisha ulinganisho wa njia hii na ile ya kitanzi, kwa makinda wa ndege aitwaye kipozamataza. Walifanya kama seremala mwenye busara, ambaye haamini ubao mpaka ameupima kwa vipimo viwili.

Katika karne hii ya 21 kinyesi husomwa kwa namna mpya. Kila kiumbe kina chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita DNA. Hata mdudu akisagika kabisa, chembe zake hubaki kidogo. Mashine huzisoma, na huzilinganisha na orodha ya wadudu wanaojulikana. Sasa hata kiwavi laini, asiyeacha mguu wala taya, hutajwa jina.

Je, tumefika mwisho wa safari? La. Mashine hukuambia mdudu gani ameliwa, lakini si rahisi ikuambie wameliwa wangapi. Tena kinda akimla buibui ambaye naye alikuwa amekula nzi, mashine huandika buibui na nzi wote wawili. Kila njia ina jicho lake, na kila njia ina upofu wake.

7. Hasara ya kutouliza

Sasa nitawaeleza kwa nini habari hizi si mchezo.

Mwaka 1958 serikali ya China ilianzisha vita juu ya wadudu na wanyama waharibifu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro alihesabiwa kuwa mwizi wa nafaka. Watu mijini na vijijini walipiga masufuria na ngoma ili ndege wasitue, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa, makinda wakauawa.

Lakini jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Mtaalamu wa ndege wa nchi hiyo hiyo, Bwana Zheng Zuoxin, alikuwa amefungua matumbo ya mamia ya shomoro, wakubwa na makinda. Alikuta kwamba shomoro wakubwa hula nafaka, ni kweli. Lakini wakati wa kulea, makinda hulishwa wadudu zaidi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya vita hiyo kuanza.

Haikufuatwa. Shomoro walipopungua, wadudu waharibifu walipata nafasi. Tusiseme kwamba shomoro peke yao ndio walioleta njaa kubwa ya China ya miaka ya 1959 hadi 1961. Njaa hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na kubwa zaidi ilikuwa siasa ya kilimo na jinsi nafaka ilivyochukuliwa kwa wakulima. Lakini kuwaua wala-wadudu wakati wa shida hakukumsaidia mkulima hata kidogo. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha, na kunguni akawekwa mahali pake. Majuto ni mjukuu.

8. Na kwetu je?

Nasi tuna ndege wetu wa kugombana naye. Yeye ni kwelea kwelea, ambaye wakulima wa mtama, uwele, mpunga na ngano wanamjua vizuri kwa machozi. Huja kwa makundi kama wingu. Bwana Peter Ward alimchunguza huko Nigeria, na mwaka 1965 alichapisha habari za chakula chake. Makinda wa kwelea hulishwa wadudu katika siku zao za mwanzo, kisha wazazi huwageuzia mbegu.

Je, tuseme basi kwamba kwelea ni rafiki? Hapana. Siku chache za wadudu hazimlipi mkulima shamba lililokwisha. Ndivyo ukweli ulivyo. Mara nyingine humtetea mshitakiwa, mara nyingine humwacha na hatia yake. Kazi yetu ni kuuliza kwanza, kisha kuhukumu. Tena tusimtie hatiani kila ndege mdogo wa kahawia kwa kosa la kwelea, maana wengine wanaokaa karibu na nyumba zetu hufanya kazi tofauti kabisa.

9. Kazi ya nyumbani

Msiguse kiota, wala msifunge kinda uzi. Kazi hiyo tuwaachie waliofunzwa na wenye kibali. Ninyi mna macho, na sasa mna kalamu. Tafuta kiota kilicho karibu na nyumba yako, hata kama ni cha shomoro darini. Kaa mbali, hatua kumi au zaidi, mahali pa kivuli. Tazama kwa nusu saa asubuhi, na nusu saa jioni. Kila mzazi anapoingia, tia alama moja daftarini. Ukiona alichobeba, andika jina lake. Usipoona, andika SIKUONA. Neno hilo lina thamani sawa na mengine, maana mwandishi anayejaza pengo kwa kubahatisha huharibu daftari lote.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ndege mla mbegu huwalisha makinda wake wadudu?
2. Taja njia tatu za kujua chakula cha makinda. Kila moja ina faida gani, na ina hasara gani?
3. Bwana Zheng alikuwa na jibu mwaka 1957. Kwa nini jibu peke yake halikutosha kuwaokoa shomoro?
4. Ni mnyama au ndege gani kijijini kwenu anayeshitakiwa kila siku? Waliomshitaki, wamejuaje?

Leteni majibu yenu pamoja na madaftari yenu siku ya somo lijalo. Kwaherini, na msome vema.